Programu ya Tatu

Msiniambie eti alikuwa panya. Aliyenisimulia kisa hiki ni shemeji yangu, fundi wa seva, zile kompyuta zinazobeba tovuti, mtu asiyeamini chochote asichoweza kukifungua kwa bisibisi.

Bosi alikuwa amemfokea: "Tovuti inalala siku nzima, mpaka wateja ndio watuambie! Leo nichagulie programu ya kuichunga, la sivyo ufungashe virago."

Akajaribu tatu. Kila moja iliiuliza seva kila dakika kama iko hai, kisha ikampa jibu kwenye simu. Mchana huohuo akaingia chumba cha seva, kisicho na dirisha, akachomoa waya wa umeme na wa mtandao ili azipime. Feni zikanyamaza, na vitaa vya seva, mwanga pekee mle, vikazimika. Kukabaki giza na mwanga wa simu.

Programu mbili zikaandika: imekufa. Ya tatu: inajibu.

"Takataka," akasema. Ndipo akasikia, ndani ya seva: ngo. Dakika ikapita. Ngo. Na simu: inajibu.

Kwa hasira akaiamuru programu hiyo iulize kila sekunde tano. Ngo. Ngo. Ngo.

Akaifuta. Sasa hakuna aliyekuwa akiuliza. Kukagongwa hata hivyo, kwa nguvu, mfululizo, mpaka bati la seva likaanza kubenuka kuja nje.