Dhapu Akalia Kiti Chake

Asubuhi ile, kama kawaida yake, Dhapu alikuwa akibandika samadi ukutani ikauke iwe kuni. Mara mumewe Mohanlal akaingia uani, uso umemshuka.

"Nawa mikono, mama Gauri. Unaitwa barazani."

Dhapu alishangaa. Tangu achaguliwe mwenyekiti wa kijiji, hakuwahi kuitwa. Mikutano yote aliiendesha Mohanlal. Yeye aliletewa karatasi nyumbani, akatia dole gumba. Ndivyo walivyofanya wanaume wengi wa jimbo la Rajasthani mke akishinda uchaguzi. Watu waliwaita "mwenyekiti mume".

Nyuma ya Mohanlal alisimama Bi Nirmala, katibu mpya wa baraza.

"Nimemwondoa kitini, dada," alisema. "Katiba yetu ya India imewatengea wanawake theluthi ya viti vya vijiji, au zaidi. Aliyechaguliwa ni wewe. Mume hawezi kukukalia kiti, kama asivyoweza kukunywea dawa ukiugua."

"Kwani nimeharibu nini?" Mohanlal alinung'unika.

"Leo tunaamua bomba la maji liwekwe wapi. Wewe umeshakubali liwe madukani."

Dhapu alishtuka. Madukani maji yapo. Wasichana wa mtaa wa chini ndio wanaoacha shule ili wateke maji mbali. Lakini barazani wamejaa wakwe zake, na kwa mila mke hufunika uso mbele ya wakwe, wala hasemi.

"Nitasemaje mbele yao?"

Mama mkwe wake alikuwa akichambua dengu. "Mtandio hufunika uso, mwanangu, hauzibi mdomo. Nenda. Samadi nitabandika mimi."

Dhapu alikwenda, akakaa kitini, mtandio usoni. Akasema, "Bomba liende mtaa wa chini."

"Siku hizi tetea nao wanawika?" alidhihaki mzee mmoja.

"Jogoo huwika, baba mkwe, lakini ndoo hajawahi kuibeba."

Watu wakacheka. Mikono ikainuliwa, hoja ikapita.

Kabla ya masika maji yalikuwa yakitoka, na wasichana wamerudi shuleni. Dhapu alimshukuru mama mkwe wake, akamshukuru Bi Nirmala. Moyoni aliwashukuru hata asiowajua, walioipigania sheria ile.

Jioni moja Mohanlal alikuwa akiteka maji, wenzake wakamtania. "Mwenyekiti mume, leo umeshika ndoo?"

Akaitua chini.

"Mwenyekiti ni mke wangu," alisema. "Nilimzuia kwa kuwa niliogopa atanishinda. Kweli amenishinda, nami nashukuru."