Inchi Ishirini

"Verlyn, hebu njoo unisomee hapa. Macho yangu leo yananidanganya."

Alikuja na kahawa mkononi na kipande cha keki ya malenge mdomoni. Tulikuwa ndani ya banda la farasi la uwanja wa maonyesho, na orodha ya mbio za Jumamosi ilikuwa imebandikwa ukutani. Akatazama mstari niliouwekea kidole.

"Gus, wa Arlys Brekke. Inchi kumi na sita," alisoma.

"Fito za chini?"

"Ndiyo, mpenzi. Fito za chini."

Wala hakushtuka. Hapo ndipo nilipoanza kumshuku.

Kwetu Minnesota ya kaskazini kuna watu wa kuvua samaki kwenye barafu, na kuna sisi wa mbwa. Mbwa anaruka viunzi vya fito, za juu au za chini, anapenya handaki, anapanda ubao wa bembea, na wewe unakimbia kando yake ukimwonyesha njia. Akimaliza mizunguko miwili ya siku moja bila kosa, umepata jozi. Ukifikisha jozi ishirini, mbwa wako anaitwa bingwa, na jina hilo halifutiki hata akifa.

Daftari langu lilikuwa na jozi kumi na tisa. Miaka sita ya jasho, jamani. Ila jozi za fito za juu, za inchi ishirini, haziungani na za chini. Ukishuka unaanza sifuri, na mbwa wangu Gus alikuwa na miaka kumi, msimu wake wa mwisho. Sifuri kwake ilikuwa kwaheri.

Fomu zetu alikuwa akizijaza Verlyn kwenye kompyuta, zangu na zake, tangu aliponivisha pete. Mimi ni dereva wa basi la shule, kompyuta na mimi ni paka na panya. Nilimwamini. Na mbwa wake, Flint, naye alikuwa na jozi kumi na tisa.

"Ni wewe uliyemshusha?"

"Arlys, mbwa amezeeka. Aprili alichechemea."

"Aprili alichomwa na mwiba! Daktari akampima, akasema yuko imara. Ulikuwepo, ulimshika mguu kwa mkono wako!"

"Punguza sauti basi, watu wanaangalia."

"Waangalie. Ndiyo kazi ya macho."

Nilimwacha hapo, nikaenda kwenye meza ya Bernadine, katibu wetu, mama wa miaka sabini asiyecheka na mtu.

"Bernadine, mrudishe Gus juu."

"Leo siwezi, orodha imefungwa. Kesho nitamrudisha. Lakini we Arlys, si mwenyewe uliniandikia?"

"Mimi?"

Akanigeuzia kompyuta. Ujumbe ulitoka kwenye anwani tunayotumia wote wawili:

"Bernadine, tafadhali mshushe Gus kwenye fito za chini. Nimekubali uzee umefika. Usinitajie jambo hili Jumamosi, nitalia tu. Arlys."

Nilisoma mara mbili. Bernadine akavua miwani.

"Hukuandika wewe."

"Umenijua miaka sita. Ushawahi kusikia nikisema nitalia?"

"Mwanaharamu," alisema Bernadine, na huyo ni mama anayepiga kinanda kanisani.

Verlyn nilimkuta nje, nyuma ya gari, anamimina maji kwenye bakuli la Flint.

"Uliandika kwa jina langu."

Hakuinua kichwa. "Nilijua ungekataa."

"Kumbe ulijua!"

"Sikiliza, Arlys. Nafundisha mbwa miaka ishirini. Klabu yetu haijawahi kutoa bingwa hata mmoja. Wewe ulikuja kwangu na mbwa wa kuokotwa, hajui hata kukaa. Nani alikufundisha pa kuweka mguu? Nani alikufundisha kwamba mbwa hafuati mdomo, hufuata bega? Ni mimi! Halafu wewe ndiye unitangulie? Watu wangesemaje?"

"Wangesema Verlyn ana mwanafunzi hodari."

"Wangecheka."

"Kwa hiyo ukaamua kumzika mbwa wangu yuko hai."

"Ningekufidia! Septemba tunaoana. Ningekupa kila kitu."

"Isipokuwa kimoja nilichokihangaikia mwenyewe."

Nilimpenda mwanamume yule, nisiseme uongo. Nilimpenda na kofia yake ya kampuni ya mbegu za mahindi na ucheshi wake wa saa kumi na moja alfajiri. Lakini nilivua pete nikaitumbukiza kwenye bakuli la maji la Flint.

"Itoe kabla hajaimeza. Mbwa hana kosa."

Siku ile sikumkimbiza Gus, na Flint naye hakupata jozi. Jioni, niko hotelini nakula sambusa ya jibini ya dukani na Gus ananikodolea macho, simu ikalia, ujumbe wa Verlyn:

"Nisamehe. Ila kesho usimrushe inchi 20. Akiumia utajilaumu maisha yako yote."

Nikajibu: "Hebu lala. Kesho una mbio."

Jumapili asubuhi jina la Gus lilikuwa pale linapostahili. Mzunguko wa kwanza akaumaliza bila kugusa hata ufito mmoja. Na Flint vilevile. Ukabaki mzunguko wa mchana, mbwa wawili, kila mmoja amepungukiwa jozi moja.

Flint alitangulia. Tuseme kweli, mbwa yule anakimbia kama ana deni na upepo. Viunzi kumi na nane akavipita safi, na banda zima likasimama. Mimi nilikuwa langoni na Gus, nasubiri zamu. Kilibaki kiunzi kimoja tu. Na hapo, wallahi, Verlyn akanitazama.

Jicho tu lisingemponza. Lakini aligeuka na bega.

Flint akafuata bega, kama alivyofundishwa. Akajipinda hewani, mguu wa nyuma ukagonga, ufito ukaanguka mchangani. Banda likafanya "ooh" moja. Verlyn alisimama pale kama mtu aliyeachwa na basi.

"Arlys, zamu yako," aliita mwamuzi. Wasaidizi wakaurudisha ufito juu.

Nilimwinamia Gus. "Mzee, wanasema tumekwisha."

Akanilamba pua. Tukaingia.

Sikumkimbiza mbio za Flint. Nilimkimbiza mbio za Gus. Handaki, akatoka. Nguzo kumi na mbili za kupenya kwa kupindapinda, akazipita akibweka kunitukana, maana nilichelewa kidogo. Kwenye kiunzi cha kumi na tano akateleza, nikasikia watu wakivuta pumzi. Akajipanga, akaruka. Kiunzi cha mwisho nilikitazama chenyewe, bega langu limenyooka, na nikapiga kelele ambayo nadhani hata ziwani waliisikia:

"Juu, baba! Juu!"

Akapita. Ufito haukutikisika.

Bernadine alilia mbele za watu. Mimi pia nililia, mkamwambie Verlyn kwamba neno moja alipatia.

Desturi ya mchezo huu ni hii: mbwa akiwa bingwa, mwenye mbwa anachagua ufito mmoja wa kwenda nao nyumbani, na watu wote wanausaini.

"Chagua wako," mwamuzi alisema.

"Nataka ule wa kiunzi cha mwisho."

Watu wakaguna. Wengine wakacheka kwa pua. Wakasaini mmoja mmoja, mpaka akabaki Verlyn, kofia mkononi. Macho yalikuwa mekundu.

"Umestahili," alisema. "Nisaini wapi?"

Nikampa kalamu. "Usisaini. Andika urefu."

"Arlys..."

"Andika, Verlyn. Mkono uliomshusha ndio utakaompandisha."

Akaandika 20.

"Kwa maneno. Isije ikabadilishwa."

Akaandika polepole: inchi ishirini. Siwezi kusema sikumhurumia.

"Na harusi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Fomu ya harusi safari hii nimeijaza mwenyewe," nikamwambia. "Nimeandika hapana."

Nikauweka ufito begani. Gus alikuwa ameshaiba soseji ya mtu pale mezani, na hakuna aliyethubutu kumgombeza bingwa.