Ufa Chini ya Grisi

Kila alasiri, akishavua sare za shule, Sindano alimpelekea kaka yake chakula karakanani. Watu walisema anaitwa hivyo kwa wembamba wake. Kaka yake alisema ni kwa ukali wa ulimi wake. Kaka alikuwa mwanagenzi wa fundi baiskeli, na alipokuwa akila, alimwachia mdogo wake brashi ya waya asugue kutu.

Siku hizo walishughulikia baiskeli kuukuu ya safari ndefu, yenye vibebeo mbele na nyuma, mali ya mwalimu mstaafu. Ujanani alivuka nayo milima na mabonde akiwa na marehemu mkewe. Pedali na breki zililowekwa kwenye siki, zikasuguliwa mpaka zikang'aa. Lililobaki ni bomba la kiti, lililogandana na fremu kwa kutu.

"Litieni oili, mlingoje," fundi alionya. "Nyundo marufuku! Chuma cha zamani ni kama mzee, hakikimbizwi."

Siku moja fundi alikuwa ametoka, na kaka akaenda kununua gololi. Sindano alilitazama lile bomba. Kaka akirudi alikute limetoka! Akatwaa nyundo. Akapiga, kimya. Akapiga tena kwa nguvu zote, kah! Bomba halikutoka, ila fremu ilipasuka chini ya kiti. Aliupaka ufa grisi, akairudisha nyundo mahali pake, akaenda zake nyumbani.

Kesho yake alipoleta chakula, alimkuta fundi akiifuta ile grisi kwa kidole.

"Nani kagusa nyundo?"

Kaka alimtazama Sindano. Sindano akainamia viatu vyake.

"Sijui, mzee," kaka alisema.

"Hujui! Humu kuna mikono gani zaidi ya yako? Vua ovaroli, uende."

Kaka akapata kibarua cha kubeba matofali. Kila jioni alirudi na viganja vilivyochubuka, akala bila kumsemesha mtu. Sindano aliviona viganja vile kila siku. Mwisho, alasiri moja, akakimbilia karakanani.

"Mzee, ni mimi niliyepiga nyundo. Kaka hakuwepo!" alisema, machozi na kamasi vikimtoka.

Fundi aliketi juu ya ndoo. "Nimemfukuza mtoto wa watu bure." Pembeni, kijana mgeni alikuwa akijaza upepo gurudumu, amevaa ovaroli ya kaka.

Jioni ile fundi alikuja kumwomba kaka radhi mbele ya mama yao. "Fremu nitaichomelea, itapona. Lakini nafasi yako nimeshampa mwingine, na siwezi kumfukuza naye bila kosa. Ikipatikana nyingine, ni yako."

"Sawa, mzee," kaka aliitikia. Kisha akamgeukia mdogo wake. "Nilijua ni wewe. Nilingoja useme mwenyewe." Akaingia chumbani.

Sindano alimfuata mama uani, alikokuwa akifua shati lililojaa vumbi la matofali.

"Mama, si nimesema ukweli? Mbona bado hanisemeshi?"

"Umefanya vyema kusema, mwanangu," mama alijibu, akiendelea kufua. "Lakini ukweli ni wa kusemwa mapema. Ukicheleweshwa utafika, ila utakuta mwenzako ameshaumia. Kesho mwamkie kaka yako. Asipoitikia, keshokutwa mwamkie tena."