Jina Kwenye Santuri

"Nisomee tena, Bwana Mmanga. Polepole."

Muuza santuri wa Mlandege alivaa miwani, akaweka kidole kwenye karatasi nyekundu katikati ya santuri.

"*Pete ya Ukindu*. Mwimbaji, Kazija binti Jecha. Fidla, Shamsi Kificho."

"Hamna Mwatum?"

"Hamna, Bi Mwatum. Zote nilizoletewa ndivyo zilivyo."

Mwatum alisoma vizuri herufi za Kiarabu, lakini za Kizungu hakuzijua. Miezi minne santuri ile ilitundikwa ukutani kwake Mbweni, na kila mgeni alioneshwa pale ambapo Shamsi aliweka kidole na kusema, "Hapa mpenzi, jina lako." Mwanamume anadanganya mpaka kwa kidole! Wimbo aliutunga Mwatum, akauimba mwenyewe mwaka ule wa 1956, katika chumba cha Mkunazini, mbele ya mitambo ya kurekodi iliyoletwa kutoka Mombasa.

Alimkuta Shamsi kwenye klabu ya taarab, anakaza nyuzi za fidla.

"Sauti yangu umempa nani?"

"Punguza sauti, Mwatum."

"Nipunguze ipi? Ile uliyomgaia Kazija?"

Shamsi alitazama mlangoni kwanza, ndipo akajibu.

"Mama hataki mkwe mwimbaji. Nimekuficha ili nikuoe. Hujaona kuwa nakupenda?"

"Unanipenda, ukanifuta jina?"

"Subiri kidogo tu. Mama atalainika."

"Miaka mitatu nnasubiri, Shamsi. Hata jiwe lingeshalainika."

"Basi nenda kashindane na karatasi! Nani atakuamini?"

Mwatum alilia njia nzima mpaka kwao, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomuudhi kupita yote.

Alhamisi alasiri palikuwa na harusi hapo hapo Mlandege. Kazija aliitwa kuimba, Shamsi nyuma yake na fidla. Mwatum aliingia na buibui lake, akakaa karibu na Bi Sichana, mama yake Shamsi.

"Shikamoo, Bi Sichana."

"Marahaba, mwanangu. Sogea, usikilize sauti ya mkwe wangu."

Mwatum alimgeukia.

"Mkwe?"

"Nshamposa. Nilipoisikia santuri ile, nilimwambia Shamsi nitafutie mwenye sauti hii nikuoze. Akasema ni Kazija. Nikaenda kwao siku ile ile."

Basi huyo ndiye mama asiyetaka mwimbaji!

Kazija aliimba beti tano za *Pete ya Ukindu*, akaishia hapo. Sauti yake ilikuwa nzuri, ila si ile. Bibi mmoja wa makamo, Mwanapili, akauliza kwa nguvu:

"Kaditama iko wapi? Wimbo gani hauna mwisho?"

Kazija alibabaika. Wimbo alijifunza kwenye gramafoni, na upande mmoja wa santuri ni dakika tatu tu. Ubeti wa mwisho, ule ambao mtunzi hutaja jina lake, haukuenea. Aligeuka kumtazama Shamsi. Shamsi alikuwa anatazama viatu.

Mwatum alisimama, akaimba bila ngoma:

*Kaditama naiweka, kalamu natua chini,*
*Jina langu la hakika, ni Mwatum wa Mbweni,*
*Moyo wangu umechoka, kukupenda mafichoni.*

Hapakuwa na haja ya kusoma karatasi. Kila mwenye gramafoni nyumbani aliijua sauti ile.

"Ndiye huyu!" Bi Sichana alisema. "Wallahi ndiye huyu!"

Kazija alimsogelea Mwatum.

"Dada, mimi sikujua. Shamsi alinambia mwenye wimbo ameshafariki. Akasema niushike mimi, usipotee."

"Ameshafariki?" Mwatum aliuliza.

"Alinambia nikusomee na Fatiha. Nkakusomea."

Wanawake walimrukia Shamsi kwa maneno. Mmoja alimwita mwizi, mwingine mchimba makaburi. Bi Sichana aliwanyamazisha kwa mkono.

"Shamsi! Kwa nini?"

"Baba yake Kazija ana nyumba tatu Malindi, mama," Shamsi alisema kwa sauti ndogo. "Mwatum ana nini?"

"Ana sauti uliyoiiba. Kazija, mwanangu, posa yangu naiondoa, na radhi nakuomba."

"Usiniombe radhi, bibi. Hata ungeiacha, nisingemtaka tena."

Shamsi aliona kote kumefungwa, akapiga magoti mbele ya Mwatum.

"Nisamehe. Mama, niposee Mwatum. Hapa hapa, mbele ya watu."

Bi Sichana alimgeukia Mwatum, macho yamemjaa machozi.

"Unasemaje, mwanangu? Mimi ningefurahi."

Mwatum alimtazama mwanamume aliyempenda miaka mitatu. Moyo ulimuuma, hakuuficha, akaacha machozi yatoke.

"Mwanao kashanizika, Bi Sichana. Maiti haolewi."

Kisha akapanda jukwaani. Kazija alimpisha. Mwatum alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akamwambia Shamsi bila kumtazama:

"Inuka ushike fidla. Bibi harusi anangoja wimbo wangu."