Tochi ya Betri Tano

Mwanga ulifika kila pembe ya ghala, isipokuwa mahali pamoja. Pale, kwa kimo cha mtu mzima, giza lilibaki limesimama.

Lupakisyo alidhani ni mlinzi. Kwa kuwa alilelewa vizuri, aliinamisha kichwa na tochi pamoja. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," ilijibu sauti nzito, na harufu ya mkonge uliooza ikamjia puani.

Mlangoni, Kondo mwenye duka aliacha kutafuna muwa. "Unamwamkia nani, bwana shamba?"

"Mlinzi wako."

"Sina mlinzi. Humu hata panya walihama."

Zamani tochi hazikuchaguliwa. Zilikuja za aina moja, kwa kibali, na mwanga wake ulitosha kumwonyesha mtu kwamba ameshika tochi. Soko huria lilipofika Kilosa, Kondo alitundika tochi ukuta mzima, na kwa kuwa jua la mchana haliipi tochi nafasi ya kujieleza, wateja walizijaribu kwenye ghala la mkonge lililoachwa nyuma ya duka. Lupakisyo alitaka moja itakayofaa kazi mbili: nyumbani, na kambini upande wa Mikumi, alikolinda mpunga wake tangu wizara ilipomwandikia barua ya kumshukuru kwa utumishi uliotukuka na kumkumbusha arudishe kiti.

"Ya betri mbili ni ya chooni," Kondo alikuwa amemwambia. "Ya tatu, ya nyumbani. Hii ya tano, nguruwe akimulikwa anaomba radhi mwenyewe."

Aliichukua ya tano. Kondo aliifunga upesi, bila hata kumshawishi kununua betri za akiba.

Magharibi aliiwasha uani. Ua ukang'aa, kuku wakadhani kumekucha.

"Mbona pale kwenye mpapai hapafiki?" aliuliza mkewe, Mwanasha.

"Itakuwa kioo kina doa."

Kwa koroboi hawakuona kitu. Koroboi haikuwa na uwezo wa kuona mambo makubwa namna hiyo.

"Mjukuu," sauti iliita kutoka nje. "Niletee maji."

Yusrah, binti yao wa miaka saba, alifundishwa kwamba mtoto hutumwa na mkubwa yeyote. Kabla mama yake hajaweka mwiko chini, alikwishapiga goti penye mpapai na kikombe mikononi. "Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Alirudi na kikombe kikavu na vidole vya baridi.

Walimkataza, wakafunga mlango kwa komeo, lakini kila magharibi sauti ilipoita mtoto alikuwa amekwisha kutoka, na kila mara alitumwa mbali zaidi, leo mtaroni, kesho njia ya reli, hata siku moja Lupakisyo akamkimbilia na tochi mkononi na kumkuta amepiga goti kando ya reli, kikombe amekishika kwa mikono miwili, na lile giza limemwinamia likimpapasa kichwa taratibu, na kila mahali lilipompapasa, mwanga wa tochi haukufika tena.

Asubuhi alipanda basi kwenda Dumila kwa Maduhu, mganga aliyehamia huko na ng'ombe wake kutoka Usukumani.

"Huyo wa ghalani alikuwa hana mtu," Maduhu alisema kwa sauti ya chini. "Tochi ndogo zisingemfikia. Wewe ukammulika, ukamwamkia, ukampa ukubwa. Mkubwa hafukuzwi, huvuliwa ukubwa. Kila aliyemwamkia amtukane. Ni wewe tu?"

"Ni mimi," alijibu Lupakisyo, ambaye miaka yote serikalini alijaza fomu ambamo watoto hawaandikwi peke yao, huingia chini ya mkuu wa kaya. Kisha akanong'ona, "Sasa nianzie wapi? Sijawahi kumtukana mtu ila kwa barua."

"Basi nyamaza kwanza, ukumbuke jinsi walivyokuachisha kazi."

Ushauri ulifaa. Magharibi ile alisimama uani akalimulika lile giza, akaanza kwa kusema wewe si mkubwa wangu na sikukuamkia, akapanda hadi maneno ambayo hakujua kuwa anayajua, akalitukania mama, ukoo na kaburi, na harufu ya mkonge ikazidi mpaka machozi yakamtoka, naye hakunyamaza mpaka sauti ilipokoroma, "Shikamoo yako, chukua," na mwanga ukapita hadi uani kwa jirani.

"Amekwenda?" Mwanasha alinong'ona dirishani.

"Amekwenda."

Usiku ule walilala kama mawe.

Asubuhi Lupakisyo alimkuta Yusrah amekaa kwenye kiti cha baba yake sebuleni, miguu haifiki chini, mikono juu ya magoti. Alisimama mbele yake akingoja. Mtoto alimtazama tu, kwa uvumilivu wa mtu mzima.

"Yusrah, mama, leo huniamkii?"

Chumba kilijaa harufu ya mkonge uliooza.

"Hapa mimi ndiye ninayeamkiwa," binti yake alijibu kwa sauti nzito. "Piga goti."