Karatasi ya Mwenyekiti

Mume wangu Jibril anauza vitambaa Nateete, hapa Kampala, nyuma ya soko. Mimi nashona mlangoni. Mbele yetu Rosebella, mama kutoka Busia, anapika chapati. Jiko lile ndilo linalosomesha watoto wake watatu. Lakini moshi unaingia dukani, na Jibril hununa kila asubuhi.

Mwezi uliopita wafanyabiashara wa uchochoro wetu walimchagua Jibril awe mwenyekiti wa chama chao. Banange, jamani! Siku ya tatu tu alishachongesha muhuri. Akaandika barua kwa Kiingereza kikubwa: "By virtue of the powers vested in me." Akaisoma kwa sauti mara mbili. Chini yake aliandika kwamba, kwa sababu ya moshi, Rosebella aondoke na jiko lake kabla ya Ijumaa.

"Baba Firdaus, maneno hayo maana yake nini?" nikamuuliza.

"Maana yake mimi ndiye mwenyekiti."

Rosebella aliipokea barua, akaugusa muhuri. Alhamisi asubuhi nikamkuta anafunga vyombo kwenye gunia.

"Unaenda wapi, dada?"

"Narudi Busia, mama Firdaus. Serikali ikishasema, mimi nitasema nini?"

Serikali! Ni Jibril huyuhuyu ninayemfulia soksi. Roho iliniuma.

Saa hiyohiyo Mzee Wandera akaja kuchukua suruali yake. Zamani alikuwa karani wa mahakama. Nikamwonyesha nakala ya barua, Jibril akiwa amesimama palepale.

"Kiingereza kizuri," mzee akasema. "Kinasema: kwa mamlaka niliyopewa. Haya, mwenyekiti, nani alikupa?"

"Wenzangu. Walinichagua."

"Walikuchagua uwaongoze. Kufukuza mtu, je? Katiba ya chama chenu inasemaje?"

Jibril akaitoa kwenye droo. Hakuwahi kuifungua, wallahi! Mzee akaisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Iliandikwa kwamba mwanachama, naye Rosebella ni mmoja wao, haondolewi mpaka kamati ikutane, na yeye mwenyewe asikilizwe.

"Kamati ilikutana?"

"Hapana."

"Mama huyu alisikilizwa?"

"Hapana, naye pia."

"Na moshi unamsumbua nani?"

"Mimi."

"Basi wewe ni mlalamikaji. Huwezi kuwa hakimu pia. Ukiandika 'mamlaka niliyopewa', uwe tayari kuonyesha umepewa na nani, na yanaishia wapi. La sivyo hiyo ni karatasi tu, hata uipige mihuri kumi."

Jibril alikasirika, chakula cha mchana hakukigusa. Saa kumi akavuka uchochoro. Akasema mbele ya watu wote:

"Dada Rosebella, barua yangu haikuwa halali. Nilikosea. Naifuta. Tafadhali usiondoke."

Ijumaa, baada ya sala, kamati ikakutana. Faruk, muuza viatu, ndiye naibu mwenyekiti, naye akaongoza kikao. Jibril alikaa kwenye benchi kama sisi wengine, akaeleza habari ya moshi. Kisha Faruk akageuka.

"Rosebella, na wewe unasemaje?"

Akasimama. Machozi yakamtoka kabla ya maneno.

"Miaka saba niko hapa. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Alipotulia akasema moshi huo unamchoma macho hata yeye. Siku nyingi alitamani kusogeza jiko hadi kwenye ukuta wa mwisho, ambako kuna upepo. Hakujua kama anaruhusiwa.

Kamati ikakubali palepale, wote wakatia sahihi. Jibril aliinama, uso mikononi.

"Kumbe ningemuuliza tu," akaninong'oneza.

Jumamosi asubuhi walibeba jiko pamoja, Jibril upande huu, Rosebella upande ule.