Triga ya Marehemu Orrin

Haya yalimpata rafiki yangu Verlin, fundi wa bunduki hapa kwetu Idaho. Mchana mmoja wa theluji, Darla alimletea bastola ya mumewe Orrin, aliyezikwa juzi yake.

"Ukivuta triga hairudi, Verlin. Inakwama nyuma."

"Orrin naye na vipuri vyake vya mtandaoni! Nilimkataza asiiguse."

"Basi mgombeze ukimwona," Darla akasema, hacheki wala halii.

Alipoondoka, Verlin akahakikisha bastola haina risasi, akaifungua. Springi aliyoweka Orrin ilikuwa laini mno, haikuweza kuisukuma triga irudi mbele. Akaing'oa triga, akaiweka kwenye kitambaa. Hapo umeme ukakatika. Karakana yake iko chini ya nyumba, haina dirisha, ikawa giza tupu.

Akasikia tak. Kisha tena, tak, polepole, kama mtu anayejaribu triga kwa kidole. Verlin anasema hata hakuogopa. Alikaa tu anasikiliza.

Umeme uliporudi, bastola ilikuwa bado vipande vipande mezani. Akavigusa kimoja kimoja. Vyote vilikuwa baridi kama barafu, isipokuwa triga. Ilikuwa na joto, na jasho la kidole lilikuwa bado halijakauka juu yake.